Kitabu Hakikukosea

Nianze na siku niliyopata alama nzuri kuliko zote kwenye TP, maana ndiyo siku niliyofundisha vibaya kuliko zote.

Ilikuwa wiki ya tatu, mwezi wa nane, shule moja ya kata njia ya Bagamoyo ukishapita Kerege. Sitaitaja, kwa sababu shule yenyewe haikunikosea chochote, mimi ndiye niliyeikosea. Kidato cha Tatu, wanafunzi 72 darasani, vipindi viwili vimeungana, mada ni Dunia kama Tufe. Wenzangu wa Hisabati mnaijua hii mada: latitudo, longitudo, umbali kati ya mji na mji, meli inaondoka saa ngapi inafika saa ngapi. Wanafunzi wengi huiogopa, na wakikuta swali lake kwenye mtihani wanaliruka.

Nilijiandaa kweli kweli. Kwenye kozi ya mbinu za kufundishia tumeambiwa mpaka masikio yamechoka: anza na mazingira ya mtoto. Kwa hiyo badala ya ile miji ya kitabuni inayoitwa P na Q, miji isiyo na soko wala watu, nikafungua ramani usiku nikiwa geto, nikakuta zawadi. Bagamoyo ipo kama nyuzi 6 na dakika 26 kusini mwa ikweta. Pangani ipo kama nyuzi 5 na dakika 26. Tofauti ni nyuzi 1 kamili, na miji yenyewe karibu ipo kwenye mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Nyuzi 1 ya latitudo ina dakika 60, kila dakika ni maili 1 ya bahari, basi Bagamoyo hadi Pangani ni maili 60 za bahari, kilomita kama 111. Nikatunga swali: mashua inaondoka Bagamoyo kwenda Pangani kwa mwendo wa noti 5, itatumia saa ngapi? 60 gawanya kwa 5, saa 12. Nililala nikiwa najipongeza.

Asubuhi supavaiza akaja. Mama mmoja wa Kitivo cha Elimu, Dokta, mpole, ameshika fomu yake na kalamu nyekundu, akakaa dawati la nyuma kabisa. Nikafundisha mfano wangu wa Pangani kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka. Nikauliza nani ana swali. Mkono ukanyooshwa kutoka dawati la nyuma, jirani kabisa na Dokta. Kijana mrefu, mweusi kwa jua, ambaye tangu nifike shuleni hajawahi kufungua mdomo kwenye kipindi changu.

"Kusi au kaskazi, madam?"

Darasa likacheka. Sijui walicheka nini. Nadhani walicheka kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza. Nami nikiwa na jicho moja kwa Dokta nikamwambia aulize kwa Kiingereza. Akasimama sekunde kadhaa, akatafuta maneno, akakosa, akakaa. Nikasema upepo hauhusiki na swali letu, tuendelee. Mkono ule sikuuona tena kwa wiki mbili.

Tukaenda kwenye mfano wa pili, huu niliutoa kitabuni. Miji miwili yote ipo latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, mmoja longitudo 10 mashariki, mwingine 40 mashariki. Tafuta umbali kati yao ukifuata latitudo. Nikaandika ubaoni: 40 toa 10 ni 30, 30 mara 60, jibu maili 1,800. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka, sauti inasikika mpaka nje. Watoto wakanakili. Dokta naye akaandika ya kwake.

Baada ya kipindi tulikaa ofisini akanipitisha kwenye fomu. Zana, vizuri. Matumizi ya ubao, vizuri sana. Ufahamu wa somo, vizuri sana. Alisifu mfano wa Pangani. Akasema jambo moja tu la kunikosoa: yule kijana aliuliza kitu, na wewe hukumsikiliza. Nikaitikia "sawa Dokta", nikasaini, akaondoka. Ilikuwa A. Nikawapigia simu nyumbani.

Kama unajua hisabati ya Kidato cha Tatu, umeshaona tatizo. Mimi sikuona.

Kesho yake saa nne, wakati watoto wanakula mihogo, binti mmoja wa dawati la mbele akaja mezani kwangu na daftari na kitabu. Binti wa aina ile anayeongea kama anaomba msamaha. "Madam, kitabu kinasema 900." Nikaangalia nyuma ya kitabu, kweli, 900. Nikaangalia hesabu yangu, 1,800. Na hapa ndipo naomba msome polepole, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Nilimwambia kitabu kimekosea. Nikamwambia vitabu hivi vina makosa mengi ya uchapaji, jambo ambalo ni kweli kwa vitabu vingine, na uongo unaokaa ndani ya kitu cha kweli ndio unaoshuka vizuri. Daftarini kwake alikuwa ameshapata 900 mwenyewe, kwa kufuata mfano wa kitabu. Akachukua kalamu, mbele yangu, akaikata. Akaandika 1,800. Nikamwekea tiki.

Usiku ule ndipo nikaelewa. Mwenzangu wa Fizikia tuliyepanga naye chumba alikuwa anaosha vyombo, mimi nasahihisha madaftari, nikamsomea swali. Akasema bila kugeuka, "Si kuna kosaini hapo?" Nikanyamaza. Kumbe ndiyo. Ukifuata latitudo, duara linapungua kadiri unavyopanda kuelekea ncha ya dunia. Kwenye nyuzi 60 duara ni nusu ya ikweta, kwa sababu kosaini ya nyuzi 60 ni nusu. 1,800 mara nusu ni 900. Kitabu hakikukosea.

Utauliza, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya Sayansi na Elimu anakosaje hilo? Jibu ni kwamba mara ya mwisho kuigusa Dunia kama Tufe nilikuwa mwenyewe Kidato cha Tatu. Tangu hapo nimesoma kalkulasi, aljebra ya mstari, Analisisi ambayo nusu ya darasa letu ilituachia sapu. Naweza kukuthibitishia kwamba mfuatano fulani una kikomo. Lakini hakuna mtu, kwenye kitivo chochote, aliyewahi kunikalisha chini akaniambia: mada hii utaifundisha, hebu tuone kama unaielewa. Ndaki ya Sayansi wanasema hizo ni hesabu za sekondari, mlishazimaliza. Kitivo cha Elimu wanasema maudhui mtapata kule Sayansi, huku tunafundisha mbinu. Sisi tunakimbia kati ya majengo mawili na madesa mkononi, na mada za sekondari zimekaa katikati, kwenye ile njia ya vumbi, hazina mwenyewe.

Baadaye nikagundua kwamba ugonjwa huu ni mzee kuliko chuo chetu. Mwaka 1908, wakati Mjerumani bado anatawala pwani hii, profesa mmoja wa hisabati kule Göttingen, Felix Klein, alichapisha mihadhara aliyowapa walimu, akalalamikia jambo hilihili. Alisema kijana akiingia chuo kikuu anakuta hisabati isiyofanana kabisa na ile ya shule, anaisahau ya shule. Akimaliza chuo akirudi shuleni kufundisha, anaisahau ya chuo na kufundisha vile alivyofundishwa yeye. Anakatika mara mbili. Na mwaka 1986 Mmarekani Lee Shulman akaandika kwamba mwalimu anahitaji aina ya tatu ya maarifa, ambayo si somo peke yake wala mbinu peke yake: kulijua somo kwa namna ya kulifundisha, kujua mtoto atakwama wapi na kwa nini. Hii ya Shulman tumeisoma, tena ilikuja kwenye mtihani. Niliijibu vizuri sana.

Na kwetu madeni haya si ya mtu mmoja. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2021 na 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa kama mmoja tu kati ya watano. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi baada ya mpango wa elimu ya sekondari wa 2004, walimu wa sayansi na hisabati hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Ndiyo maana mwaka 2005 vikaanzishwa vyuo vishiriki vya elimu vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DUCE pale Chang'ombe na Mkwawa kule Iringa, sayansi na elimu chini ya paa moja. Mwaka 2014 serikali ikajaribu njia ya haraka zaidi, diploma maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA kwa waliomaliza Kidato cha Nne, ndani ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwezi wa tano 2016 masomo yakasimama kwa mgogoro na wahadhiri, na vijana zaidi ya 7,000 wakatakiwa kuondoka chuoni. Wengine baadaye walihamishiwa vyuo vya ualimu. Binamu yangu alikuwa mmoja wa walioshuka basi na begi. Nakumbuka nilikuwa mdogo, nikauliza kwa nini walimu wao hawawafundishi, mjomba akasema, "Hawajakubaliana nani awafundishe." Sijui kama ndivyo ilivyokuwa, lakini sentensi ile ilinikaa.

Turudi darasani. Shule ile ilikuwa na mwalimu mmoja wa Hisabati kwa vidato vyote, na ndiye huyohuyo mtaaluma. Maana yake nikiondoka na kosa langu, hakuna wa kulifuta. Watoto 72 wana 1,800 kwenye madaftari, na tiki yangu juu yake. Nilijua hivyo. Na bado siku ya kwanza sikusema. Ya pili sikusema. Nikajiambia nitasahihisha wiki ya marudio. Nilikuwa naogopa nini? Kiukweli niliogopa uso wa yule binti. Kumwambia darasa "nilikosea" ningeweza. Kumwambia yeye "wewe ulikuwa sahihi, mimi nikakudanganya" ndiyo ilinishinda.

Wiki ya tano wakaja wawili. Naomba nisiwape sifa wasizostahili: hawakuja wawili kwa mpango. Gari moja la wasimamizi lilizimia Bunju likavutwa gereji, wakabanana kwenye gari lililobaki. Kwa hiyo nikamwona Dokta wangu wa Elimu anashuka, na nyuma yake Dokta wa Hisabati, yule wa Analisisi, yule ambaye ukikutana naye kwenye vimbweta unajikuta umesimama wima. Miguu ikaisha nguvu.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha takwimu, makusudi, kitu kisicho na hatari. Mama akakaa nyuma. Yeye akakaa dawati la mbele, pembeni ya yule binti. Hakuandika kwenye fomu. Alichukua daftari la binti akaanza kulifungua, karatasi moja moja, kama mtu anayetafuta noti ya elfu kumi aliyoisahau ndani ya kitabu. Mimi naongea ubaoni kuhusu wastani, sikio langu liko kwenye karatasi zile. Nikamsikia ameacha kufungua. Nikageuka. Kidole chake kilikuwa juu ya ile 900 iliyokatwa.

Hakusema kitu darasani. Hilo namshukuru mpaka leo.

Baada ya kipindi tulikaa chini ya mwembe, mimi, yeye na Mama, kwenye mabenchi ambayo mama muuza machungwa huyatumia. Akaniuliza moja kwa moja: "Ile 900 nani aliikata?" Nikaeleza yote. Nilipofika pale pa kusema kitabu kimekosea nililia kidogo, siyo sana. Mama akawa kimya. Halafu akasema kitu ambacho sikutarajia kumsikia mhadhiri akikisema mbele ya mwanafunzi: "Mimi nilikuwepo siku hiyo. Nilimpa vizuri sana kwenye ufahamu wa somo. Mimi nimesoma Historia na Saikolojia, Dokta. Ningejuaje?"

Dokta wa Hisabati naye akakaa kimya. Akasema, "Na mimi ningekuwepo, ningeona kosa. Yule kijana wa nyuma nisingemwona."

Maana Mama alikuwa ameshamsimulia habari ya kusi na kaskazi, walipokuwa njiani.

Basi wakaanza. Dokta akachukua kijiti akachora duara kwenye mchanga, akaweka kitovu, akaweka nusu kipenyo, akaandika r sawa na R kosaini ya latitudo. Akafuta mikono. "Ni dhahiri."

Mama akasema, "Kwangu si dhahiri. Kwa nini kosaini, kwa nini isiwe saini?"

"Kwa sababu ni upande unaopakana na pembe."

"Pembe ipi? Pembe ya latitudo ipo kule chini kwenye kitovu. Wewe unachora pembetatu juu huku."

Akaangalia mchoro wake. Mimi nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye Analisisi: alisimama. Alifikiri. Siyo kwa sababu hajui, ila kwa sababu alikuwa anajua kwa muda mrefu mpaka amesahau alivyofika. Akachora tena, safari hii polepole. Mstari kutoka kwenye mhimili kwenda usoni mwa dunia kwenye latitudo ile, na mstari wa ikweta, yote miwili imelala sambamba. Kwa hiyo pembe ile iliyoko kwenye kitovu inajirudia huku juu, ndani ya pembetatu. Hapo ndipo kosaini inapotoka. "Haya," Mama akasema, "sasa hiyo hatua ya mistari sambamba ndiyo mtoto anapokwama, na ndiyo uliyoiruka." Akachukua chungwa kwenye meza ya yule mama, akaomba kisu. Akakata pete kuzunguka katikati, akakata pete nyingine juu karibu na kikonyo. Akaziweka moja juu ya nyingine kwenye benchi. Pete ya juu iliingia ndani ya pete ya chini na nafasi ikabaki. Dokta akacheka. Akasema kwa nyuzi 60 ingetakiwa upana wake uwe nusu kamili, hebu kata tena. Wakakata machungwa matatu. Walilipia mawili, la tatu mama muuza alikataa hela, alisema naye ameelewa.

Ikawa zamu ya kusi. Dokta akasema swali la yule kijana ni bora kuliko swali langu, ni swali la vekta, mada ya Kidato cha Nne: mwendo wa chombo ni kitu kimoja, mwendo wa upepo na maji ni kingine, na unavijumlisha kwa kuangalia mwelekeo. Alisema kwa furaha, kama amepewa mtihani mtamu. Mama akasema mtoto huyo asielezwe, aulizwe.

Jioni hiyo nilienda mjini, ufukweni, pale soko la samaki, nikamkuta. Anasaidia chombo cha baba yake mdogo. Alishangaa kuniona, akaniamkia "shikamoo madam" huku anatafuta njia ya kupita. Nikamwambia nimekuja kwa swali lake. Akaangalia bahari kwanza, kama anahakikisha sichezi. Halafu akaeleza, kwa Kiswahili, bila kukwama. Kipindi cha kusi, upepo unatoka kusini, maji nayo yanavuta kwenda kaskazini. Ukiondoka Bagamoyo kwenda Pangani unasukumwa, zile saa 12 zangu ni nyingi mno. Kaskazi ikishika, upepo unakukabili uso kwa uso, tanga haliendi moja kwa moja, inabidi kubisha, unakwenda upande huu unageuza unakwenda upande ule, maili 60 zinakuwa maili ambazo yeye hazihesabu, unaweza kulala Saadani au Kipumbwi. "Kwa hiyo madam, hapo swali halijakamilika." Alisema hivyohivyo. Swali halijakamilika.

Nilirudi na bodaboda nikiwa na aibu ya aina mpya, siyo ile ya kwanza.

Kesho yake niliingia darasani na machungwa kumi. Kabla ya machungwa nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, fomu ya tathmini inisamehe, maana niliona kama nikiomba msamaha kwa Kiingereza nitakuwa bado najificha. Nikasema jibu la 1,800 si sahihi, nilikosea, kitabu kiko sawa. Nikasema kuna mtu alikuja kuniambia, alikuwa amepata jibu sahihi, na mimi nikamwambia kitabu kimekosea bila kuhakikisha. Sikumtaja jina. Haikusaidia, darasa zima liligeuka kumwangalia. Yeye aliinamisha kichwa kwenye daftari. Nilifikiri analia. Nilipopita karibu nikaona anachora mstari juu ya 1,800, kwa rula, taratibu, na pembeni anaandika 900 upya. Tiki yangu ya zamani aliiacha. Mpaka naondoka sikujua kama amenisamehe, na sikumuuliza, kwa sababu swali hilo lingekuwa la kunifurahisha mimi.

Kijana wa nyuma nilimpa chaki. Alichora pwani nzima ubaoni, kutoka Dar mpaka Tanga, na mishale ya upepo. Alipoeleza kubisha nikamsaidia kuchora pembetatu, na tukagundua wote wawili kwamba chombo kinachobisha kwa nyuzi 60 kutoka kwenye njia yake kinasafiri umbali mara mbili. Tena kosaini ya nyuzi 60. Sikuwa nimepanga. Dokta nilipomwandikia meseji kumweleza, alijibu kwa neno moja: "Dhahiri." Nadhani ulikuwa utani.

Halafu kuna kitu kidogo nilichokigundua wakati wa kusahihisha, nakitaja tu kwa sababu kilinichekesha. Hapa kwetu kwenye latitudo ya nyuzi 6, ukisahau kosaini unapoteza chini ya maili 1 kwa kila maili 100. Yaani kama kitabu kingetumia miji ya kwetu, kosa langu lisingeonekana kabisa. Nilikamatwa na miji ya Ulaya.

Tuliporudi chuoni, mimi na wenzangu tisa tuliandika barua kwenda vitivo vyote viwili. Hatukuomba makubwa. Tuliomba kila mwanafunzi wa TP wa Hisabati na Sayansi akaguliwe angalau mara moja na watu wawili kwa pamoja, mmoja wa somo, mmoja wa mbinu, na kabla ya kwenda TP kila mtu afundishe mada moja ya sekondari mbele ya wote wawili. Kitivo kimoja kimejibu kwamba wazo ni zuri lakini bajeti ya magari ni ya kitivo kingine. Hicho kingine hakijajibu. Niliwahi kutania kwamba suluhisho ni kuharibu gari moja kila mwaka. Mwakilishi wetu kwenye serikali ya wanafunzi hakucheka, alisema bajeti ndiyo hiyohiyo.

Ila Dokta na Mama hawakusubiri majibu. Jumamosi mbili zilizopita walikaa na sisi kwenye chumba cha semina, tulikuwa 14. Mmoja wa Kemia alifundisha moli kwa maharage na mchele. Mwingine alifundisha kugawanya sehemu kwa sehemu, akaulizwa na Mama kwa nini unapindua ile ya pili, akasema "ndiyo kanuni", na chumba kizima kikagundua kwamba hakuna aliyekuwa na jibu lingine, watu wa mwaka wa tatu. Dokta alitaka kusema ni dhahiri, akajizuia, tukacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Tunakutana tena Jumamosi hii saa tatu asubuhi, chumba kilekile. Mwaka wa kwanza mnakaribishwa, wa Fizikia, Kemia na Baiolojia pia. Njoo na mada moja ya sekondari. Mimi nimechagua logi za Kidato cha Pili, kwa sababu logi sijawahi kuzielewa. Nilikuwa nakariri.